Jinsi ya kuweka malengo ya maisha na ya kazi na kuyasukuma mpaka mwisho hata mzuka ukikata

Kuna Januari moja niliandika malengo 11 kwenye daftari la kaunta, nikapiga mstari kwa rula chini ya kila moja, nikajisikia mtu mpya kabisa. Oktoba tunahama nyumba, tunavuta kabati, daftari likadondoka kutoka nyuma yake limejaa vumbi, nikakaa palepale sakafuni nikaanza kusoma. Kumaliza CPA, ile mitihani ya taaluma ya uhasibu. Kununua kiwanja. Kupandishwa cheo. Kupunguza uzito. Kumtembelea bibi mara kwa mara. Na mengine sita ya namna hiyohiyo. Nilisoma mpaka chini na hakuna hata moja lililokuwa na siku, saa wala hela iliyoandikwa mbele yake. Bibi sikuwa nimemuona tangu mwaka juzi. Iliniuma sana, sio siri.

Kuanzia pale nikabadilisha namna ya kufanya, na ndani ya miaka michache CPA nikaimaliza na kiwanja nikakipata. Ntaelezea hatua kwa hatua jinsi nilivyofanya, nikitumia hayo malengo mawili kama mfano mwanzo mwisho maana ndio nayajua kwa undani. Mi ni mhasibu, nafanya kazi mjini Dar, wakati huo nilikuwa nakaa Mbagala. We badilisha uweke ya kwako, ufundi wa nguo, shule ya udereva, mtaji wa duka, digrii ya jioni, njia ni ileile.

Hatua ya 1: Mwaga yote alafu uchague mawili

Chukua karatasi uandike kila kitu unachotaka bila kujizuia, hata vile unavyoona aibu. Usifanye siku moja, andika leo, iache ilale, kesho ongeza. Ukimaliza pitia moja moja ujiulize, hivi kama hakuna mtu hata mmoja angekuja kujua kwamba nimefanya hiki kitu, bado ningekitaka? Hili swali linachuja sana. Mimi lengo la kununua gari lilifia hapo, nikagundua nilikuwa nalitaka kwa sababu wenzangu watatu niliomaliza nao chuo walishanunua na kila tukikutana kwenye harusi mimi ndio naulizia nani anapita njia ya Mbagala. Lengo la kuazima lina shida moja kubwa, siku unapochoka huna cha kukushikilia.

Alafu chagua mawili tu. Mshika mbili moja humponyoka, wazee walisema, na mimi nilishika kumi na moja, sasa utasema mbona na wewe unatuambia mawili? Ni kwa sababu nilichagua mawili ambayo hayagombanii kitu kimoja. CPA inakula muda. Kiwanja kinakula hela. Saa 2 ninazokaa na kitabu hazipunguzi akiba ya kiwanja, na hela ninayoweka haininyimi usingizi wa kusomea. Lakini ukisema mwaka huu nasoma jioni na pia naanzisha biashara ya jioni, hapo umewaweka majogoo wawili banda moja, mmoja lazima ataumia. Kwahiyo angalia lengo la kazi linakula nini na lengo la binafsi linakula nini, yakila sahani moja chagua moja usubiri.

Yaliyobaki usiyachane. Yaandike ukurasa wa mwisho kabisa wa daftari. Huo mi nauita ukurasa wa nyuma, na una kazi yake, nitaurudia.

Hatua ya 2: Liandike kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kukukagua

Maofisini kwetu neno linalotawala ni "jitahidini". Jitahidini mwezi huu, jitahidini wateja walipe. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Edwin Locke aliandika kuhusu hii ishu tangu 1968, baadae akaendelea na mwenzake Gary Latham, na walichokuta tena na tena ni kwamba mtu aliyepewa lengo linaloeleweka na gumu kiasi, anafanya vizuri kuliko yule aliyeambiwa ajitahidi tu awezavyo. Ukifikiria ni kweli, maana ukiambiwa jitahidi, siku yoyote ukichoka unaweza kusema nimejitahidi na hakuna wa kukubishia.

Kwahiyo "kumaliza CPA" nikaifuta nikaandika: kufanya masomo 4 yaliyobaki kwenye mitihani ya Mei ya NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi (kwanini Mei utaona hatua ya 3), na kwa kila somo kufanya maswali yote ya mitihani mitano iliyopita kwa mkono, bila kuangalia majibu. "Kununua kiwanja" ikawa: milioni 5 ndani ya miezi 20, milioni 4 na laki 4 ya kiwanja chenyewe na laki 6 ya kupima, wakili na maandishi ya serikali ya mtaa. Hiyo laki 6 watu wengi wanaisahau, unakuta mtu kanunua ardhi hela imeishia palepale, karatasi anaziandika kienyeji, miaka mitatu baadae yuko baraza la ardhi.

Hapa kuna kitu kimoja cha kuangalia sana hasa kwenye malengo ya kazi. Tenganisha kilicho mikononi mwako na kilicho mikononi mwa mwingine. Kupandishwa cheo hakiko mikononi mwangu, bosi anaweza kuhama, kampuni inaweza kufunga tawi, anaweza akapewa mtu aliyekuja jana, na ilishanitokea ofisi moja niliyokuwepo zamani, nilisubiri miaka miwili nafasi ambayo haikuwa yangu tangu mwanzo. Kilicho mikononi mwangu ni kufunga hesabu za mwezi kabla ya tarehe 5, kuomba nifundishwe ritani za VAT, yaani fomu za kodi ya ongezeko la thamani, ambazo nilikuwa sizigusi, na kuwa na cheti. Nikaandika hivyo vitatu, neno cheo nikaliacha nje ya daftari.

Hatua ya 3: Hesabu muda na hela ulizonazo kweli, kabla hujaahidi

Hii ndio hatua ambayo wengi tunairuka na ndio inayotuua, kwahiyo hapa naomba twende taratibu.

Kwa wiki moja nzima, kabla sijagusa kitabu chochote, nilitembea na kikaratasi mfukoni nikawa naandika kila nusu saa nafanya nini. Sikubadilisha chochote, niliandika tu. Jumapili nikajumlisha. Daladala kwenda Posta na kurudi karibu masaa 3 kila siku, nyingi nikiwa nimesimama. Simu usiku, masaa 2 mpaka 2 na nusu, na ningeapa kwamba ni nusu saa. Jumamosi vikao vya harusi na misiba. Nilipotoa kila kitu ambacho hakitoleki, nikabaki na masaa 11 kwa wiki ya kusoma. Sio 25 kama nilivyokuwa najidanganya kila Januari.

Sasa piga hesabu. Ilikuwa mwanzo wa Julai. Mitihani ya NBAA inafanyika mara 2 kwa mwaka, Mei na Novemba. Mpaka Novemba zilikuwa wiki kama 17. Ila mhasibu ana wiki zake mbovu, PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, inatakiwa ipelekwe ndani ya siku 7 za mwanzo wa mwezi unaofuata, VAT mwisho tarehe 20, hizo siku unarudi nyumbani kichwa kimejaa namba za watu. Weka na msiba mmoja, weka na malaria. Nikatoa wiki 4, zikabaki 13. Mara masaa 11 ni 143. Na mi nilikadiria somo moja linahitaji masaa 60 ili nisiingie chumba cha mtihani na woga, kwa masomo 4 ni 240. Unaona? Hata ningekuwa na mzuka wa simba, hesabu ilikuwa imeshakataa. Miaka yote ya nyuma nilikuwa nafeli Julai, Novemba ilikuwa inanipa majibu tu.

Nikasogeza mpaka Mei. Wiki 43, nikatoa 10 za dharura, zikabaki 33, mara 11 ni masaa 363. Masaa 240 ya kusoma na 123 ya kurudia na kufanya maswali. Ile siku nilipoona namba inakubali nilipata utulivu ambao sikuwahi kuupata kwa kusikiliza mtu yeyote wa hamasa.

Hela nayo hivohivo. Milioni 5 gawa kwa miezi 20 ni 250,000 kila mwezi. Nikaenda benki nikajaza fomu wakate siku ileile mshahara unapoingia waipeleke akaunti nyingine ambayo sina kadi yake, maana hela ikilala usiku mmoja kwenye simu yangu asubuhi inakuwa na kazi nyingine. Ila angalia mwezi wa kodi. Sisi tunaolipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, akiba nyingi zinavunjika mwezi huo, kwahiyo kodi igawe kwa 6 uiweke pembeni kila mwezi kabla hujaamua akiba yako itakuwa kiasi gani. Kama ukifanya hivyo unabaki na uwezo wa 120,000 tu, andika 120,000 na urefushe miezi. Usione aibu.

Hatua ya 4: Tafuta kitakachokuangusha kabla hakijaja

Tumezoea kuambiwa funga macho ujione umeshafika, bandika picha ya nyumba ukutani. Mi sio mpinzani wa kuota, lakini kuna profesa Mjerumani, Gabriele Oettingen, amefanya tafiti za miaka mingi kuhusu hili na alikuta kwamba kuota matokeo matamu peke yake kunaweza kukupunguzia nguvu ya kufanya kazi, ni kama mwili unapumzika ukidhani umeshafika. Kinachosaidia ni kuota alafu papo hapo ujiulize, ndani yangu mimi ni nini kitakachonizuia? Mwenzake Peter Gollwitzer aliandika 1999 kuhusu mipango ya "ikitokea hivi, basi nitafanya vile", na huo ndio ufundi niliouchukua jinsi ulivyo.

Andika yako mitano au sita, yasiwe mengi. Yangu yalikuwa hivi:

Umeme ukikata alfajiri, basi natumia taa ya kuchaji iliyopo juu ya kabati, na inachajiwa kila Jumatano na Jumapili.

Nikitoka kazini baada ya saa 2 usiku, basi sisomi usiku huo, nalala saa 4 kamili ili alfajiri isife.

Nikialikwa kikao cha Jumamosi, basi nauliza kinaisha saa ngapi kabla sijakubali.

Mtu wa familia akiomba hela na fungu la msaada la mwezi limeisha, basi namwambia siku nitakayompa, simwambii sina.

Hilo la mwisho naomba nilifafanue maana kwetu huwezi kuweka akiba ukajifanya huna ndugu. Nilitenga 40,000 kila mwezi ya michango na misaada, imeandikwa kwenye bajeti kama umeme ulivyoandikwa. Mjomba alipiga simu tarehe 19, mchango wa harusi ya binamu. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, hongereni sana. Fungu la mwezi huu limeenda kwenye msiba wa kwa kina baba mkubwa, niandikie 40,000 tarehe 27, naituma siku hiyohiyo." Akasema "Marahaba mwanangu, hamna shida." Tarehe 27 nikatuma kweli. Ukitimiza mara mbili tatu watu wanakuamini, hawakuoni mchoyo, na akiba inabaki salama.

Hatua ya 5: Andaa sehemu, ili kuanza kuwe rahisi kuliko kuacha

Nilinunua meza ya plastiki, ile ndogo, nikaiweka nyuma ya mlango wa sebuleni. Juu yake daftari, kalamu 2, kikokotoo, na kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa ambao nilikuwa nimeishia jana yake. Sio kimefungwa, kimefunguliwa, swali limeandikwa nusu. Hii ya kuacha swali katikati imenisaidia kuliko ushauri wowote, kwa sababu asubuhi huhitaji kufikiria uanzie wapi, mkono unakaa palepale ulipoachia. Simu ililala kwenye mkoba wa mke wangu chumbani, alamu ilikuwa ni saa ya mezani ya betri.

Saa 10 na nusu alfajiri. Sasa niseme ukweli kuhusu mzuka maana ndio kila mtu anaulizia, unafanyaje upate mzuka? Katika zile wiki zote, asubuhi ambazo niliamka nina mzuka ni chache sana, vidole vya mikono miwili vinatosha kuzihesabu. Nilichojiwekea ni dakika 10, nakaa, nafanya dakika 10, baada ya hapo nina ruhusa kamili ya kurudi kulala. Nilirudi kulala labda mara 4. Mzuka huwa unakuja ukiwa umeshakaa, unakukuta mezani. Ukiusubiri kitandani hauji.

Nakumbuka asubuhi moja ya Machi, mvua inapiga bati huwezi hata kusikia adhana, niko kwenye swali la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu zake, mizania inagoma, pande mbili zinapishana kwa 36. Nimeamka nimechoka, nataka kufunga kitabu. Nikakumbuka kile kitu cha wahasibu wa zamani, tofauti yako igawe kwa 9, ikigawanyika bila kubaki ujue inawezekana umegeuza tarakimu mahali. 36 gawa kwa 9 ni 4. Nikaanza kushuka na kalamu mstari kwa mstari, nikaikuta, wadaiwa nilikuwa nimeandika 48 badala ya 84. Mizania ikakaa. Nilijikuta nimesimama peke yangu sebuleni natabasamu gizani, na siku ile nilisoma mpaka saa 12 na nusu, karibu nichelewe gari. Furaha ya namna hiyo inapatikana ndani ya kazi yenyewe, na ndio inayokurudisha kesho.

Hatua ya 6: Weka kumbukumbu ya ulichofanya

Kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani, na kalamu nyekundu. Kila siku niliyokaa mezani naandika dakika. Siandiki nimeelewa au sijaelewa, wala najisikiaje, naandika 75, 90, 20. Eliud Kipchoge na ubingwa wake wote, mtu aliyekimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa saa 2 dakika 1 na sekunde 9, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye madaftari tangu zamani, kwa mkono. Namba ikiwa ukutani haikuongopei na haikutukani. Ijumaa unajumlisha, unaona 9 na nusu badala ya 11, basi unajua.

Na usitegemee tabia iingie haraka. Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally walitoa utafiti wao 2010, waliwafuata watu waliokuwa wanajijengea tabia mpya ya kila siku, wastani ulikuwa siku 66 mpaka ikawa inakuja yenyewe, lakini kuna waliotumia siku 18 na makadirio ya wengine yalifika 254. Kwahiyo ile stori kwamba tabia inaingia ndani ya siku 21 isikuvunje moyo, ukifika siku ya 30 bado unajilazimisha ujue huna kasoro yoyote. Na walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu cha maana. Hii iandike mahali, utaihitaji.

Hatua ya 7: Tafuta shahidi mmoja

Usitangaze kwenye statasi. Watu 200 wakikupa hongera kabla hujaanza unashiba pongezi alafu kazi unaiona chungu. Tafuta mtu mmoja ambaye unamheshimu, hatakutania, na hatakuhurumia kupita kiasi. Mimi nilimuomba dada mmoja wa ofisini, amenizidi umri, yeye CPA alishamaliza akiwa na watoto wawili wadogo. Makubaliano yalikuwa kila Ijumaa jioni namtumia namba ya masaa, basi, hakuna maelezo.

Wiki moja nilimtumia "4" tu. Jumatatu akanikuta kwenye mashine ya kutoa kopi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nne?" Nikamwambia, "Nne, dada. Mtoto alilazwa." Akasema, "Pole sana. Anaendeleaje? Basi wiki hii usizifukuzie zile saba, fanya zako kumi na moja kama kawaida." Lile neno la usizifukuzie limenikaa mpaka leo, maana nilikuwa nimeshapanga kusoma masaa 18 wiki hiyo kulipia deni, na najua kabisa ningeangusha wiki mbili zinazofuata. Deni la muda usililipe. Endelea na mwendo wako.

Hatua ya 8: Ukianguka

Utaanguka, kwahiyo jiandae ukiwa bado mzima. Jiwekee kiwango cha siku mbaya. Changu kilikuwa dakika 15, siku ya homa, siku ya msiba, siku ya VAT, dakika 15 inatosha na inaandikwa ukutani kwa heshima ileile. Kwa upande wa hela ilikuwa 50,000 badala ya 250,000, na nilitumia ruhusa hiyo miezi miwili kati ya ishirini, kwahiyo kiwanja kilichelewa kidogo, sio tatizo.

Kubwa zaidi ni pale matokeo yanapokukataa. Matokeo ya Mei yalitoka, masomo 3 nimefaulu, moja limekwama. Nilikaa na simu mkononi kwenye daladala nikashindwa hata kumwambia mke wangu mpaka usiku. Nikajiwekea sheria ya siku 2, ndani ya siku 2 sifanyi uamuzi wowote, siachi, siapi, sibadilishi kazi. Siku ya tatu nikafungua kalenda na kujiuliza maswali matatu kwa mpangilio huu: je, niliifanya kazi niliyopanga? Kama niliifanya, je, mpango wenyewe ulikuwa na kasoro? Kama mpango ulikuwa sawa, je, hili lengo bado ni langu? Kosa letu ni kurukia swali la tatu tukiwa bado tunalia. Nilipoangalia nikakuta somo lile nililisomea masaa 41 tu badala ya 60, kwa sababu lilikuwa linanichosha nikawa nalikimbilia pembeni kwenye yale ninayoyapenda. Jibu lilikuwa swali la kwanza. Nikajisajili Novemba, somo moja, masaa 70, likapita.

Wakati mwingine jibu ni swali la tatu na hapo kubadilisha njia sio kushindwa. Kipchoge huyohuyo 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London kwa mbio za uwanjani. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, ya kwanza akaikimbia Hamburg na akashinda. Angeng'ang'ania uwanjani tusingemjua hivi tunavyomjua.

Na hili naomba nilitofautishe kabisa. Kama ni wiki kadhaa usingizi hauji, chakula hakipiti, vitu ulivyokuwa unavipenda havina ladha, unaona hata kuishi ni mzigo, hiyo sio ishu ya malengo wala uvivu. Weka daftari pembeni, ongea na mtu wako wa karibu, nenda hospitali umuone daktari. Malengo yatakusubiri.

Hatua ya 9: Kikao cha mwezi

Jumapili ya mwisho wa mwezi, nusu saa, wewe na daftari, na kama una mwenza mkae wote maana muda wako ni muda wake pia. Mke wangu ndio aliyeona kwamba Alhamisi zangu zote ni sifuri, kumbe ndio siku ya soko na mimi nabaki na mtoto, tukabadilishana na Jumanne ikaisha. Mnaangalia masaa, mnaangalia akiba, mnaamua kitu kimoja tu cha kurekebisha mwezi unaokuja. Kimoja. Na mkifika robo ya safari mjipongeze kwa kitu ambacho hakivunji lengo lenyewe, sisi tulikuwa tunaenda Coco Beach tunakula mihogo na kachumbari tunaangalia bahari, tunarudi na gari la saa 1.

Ukimaliza lengo moja, ndio unafungua ukurasa wa nyuma unachukua lingine na kulipitisha hatua zote hizi upya, kuanzia lile swali la kwanza. Mi mwezi huu nimefungua wa kwangu. Karatasi imeshakuwa ya njano pembeni. Kupunguza uzito nimeiacha palepale kwanza. Nimechukua ile ya "kumtembelea bibi mara kwa mara", nikaipiga mstari, na chini yake nimeandika: Jumamosi ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, basi la saa 12 asubuhi kwenda Muheza, nauli na sukari ya bibi vinatengwa tarehe 26 ya mwezi unaotangulia. Ya Septemba nimeshalipia siti, ya dirishani.